Gemu Mbili za Bure

Mtu wa umri wangu akikiri kwamba anacheza gemu, wasomaji wake hudhani anatumia tamathali. Situmii. Kijana wangu alipopangiwa kidato cha tano huko mikoani, shule ya bweni isiyoruhusu hata redio, aliacha nyumbani kwetu Boko kiboksi chake cha gemu, kimoja cha vile vya kushikwa kwa mikono miwili, kioo katikati na vitufe pembeni. Aliniomba nikichaji mara moja kwa wiki ili betri isife. Nikakichaji. Wiki haijaisha nilikuwa nimelima eka mbili za kabichi.

Ilikuwa gemu ya kilimo. Unaamka, unamwagilia, unapalilia, unavuna. Wazazi wangu walivuna kahawa mgongo ukapinda ili nisome hadi chuo kikuu na nisishike jembe tena, na mimi, na shahada zangu mbili, nikawa nakaa sebuleni nikihuzunika kwa sababu mvua ya kwenye kioo imeozesha nyanya. Nje ya dirisha bustani ya kweli ilikuwa imekauka.

"Huko umeshavuna magunia mangapi?" mke wangu aliniuliza siku moja akipita na ndoo.

"Leo si haba."

"Basi nichumie mchicha, nipike."

Sikuwa nimenunua ile gemu. Wala mwanangu hakuinunua. Ndani ya kiboksi mlikuwa na gemu zaidi ya mia mbili na hakuna hata moja iliyolipiwa kwa aliyeitengeneza. Kiboksi cha aina ile kikitoka dukani kinakubali gemu halali tu, lakini wako mafundi wanaojua kulifungua kufuli lake la ndani, na kikishafunguliwa kinakula chochote unachokilisha. Fundi wetu alikuwa Temeke. Pale Boko na Bunju mafundi wapo, tena kando ya barabara, ila wote hunisalimia "shikamoo mwalimu", na sikutaka salamu hiyo mahali nilipofuata bidhaa hiyo. Kwa hiyo kila nilipotaka gemu mpya nilivuka mji mzima ili nikaibe nisikojulikana.

Lazima nieleze kwa nini nilijificha, ingawa ndiyo sehemu ninayoionea haya hata kabla ya haya yenyewe kuanza. Miaka kadhaa nyuma nilitoa kitabu cha insha. Kilisomwa na wengi na kununuliwa na wachache, maana maduka ya kutoa kopi karibu na chuo yalikuwa yanakidurufu kizima na kukibana kwa plastiki. Nilikwenda kwenye duka mojawapo nikagomba mpaka shati likalowa. Kisha nikaandika makala kali. Nilisema anayechukua kopi ya wizi ndiye aliyeshika ngazi mwizi akapanda. Makala ile ilipendwa sana. Watu waliitoa kopi.

Fundi wa Temeke hakuwa ameisoma. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kibanda cha bati kilichojaa kava za simu na waya za chaji, na nyuma yake kompyuta moja iliyounganishwa na diski ya kuhifadhia aliyoiita ghala. Aliniita Mzee wa Kabichi. Na alikuwa na utaratibu wake, ambao wateja wote tuliujua: ukimletea gemu ambayo ghala halina, hulipi kitu. Anainakili, na wewe unachagua gemu mbili bure. Hivyo ghala lilikuwa linakua bila yeye kunyanyuka kitini. Kila kadi iliyopita mezani kwake iliacha kitu.

Utaratibu huo niliujua vizuri. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi nilijitahidi kulisahau.

Sasa binti. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako. Huniita baba mdogo. Amepanga chumba Bunju na anafanya kazi ya ukarani asiyoipenda. Yeye na rafiki yake mmoja, aliyesoma naye, walitumia miaka miwili ya Jumamosi na Jumapili kutengeneza gemu ya viboksi kama changu. Yeye ndiye aliyeandika programu ya ndani, mwenzake alichora kila kitu kinachoonekana. Gemu yenyewe ilihusu mama ntilie anayetakiwa kuwafikishia mafundi ujenzi chakula kabla ya saa saba mchana, siku ya mvua, kwenye mtaa uliogeuka tope. Una masufuria mawili, una mwavuli mmoja, na mabata wanakukatiza njia.

Mama wa kwenye gemu alikuwa mama wa kweli. Mwenzake yule anatoka Pugu, na mama yake ndiye anayepikia mafundi kwenye majengo ya huko. Aliwahi kugongwa na pikipiki, na tangu hapo mguu wa kulia unachelewa kidogo kuufuata wa kushoto. Huyo binti yake mchoraji alikuwa ameuchora mwendo ule kwa subira, picha baada ya picha, mpaka ukawa si kilema bali ni mtindo wake wa kwenda.

Kulikuwa na watu fulani wa nje waliotaka kuinunua gemu hiyo, kwa sharti moja: iwe haijatoka popote. Ikipita, binti yangu ataacha ukarani, na mwenzake atamwambia mama yake apumzishe mguu. Walikuwa wanazungumza hivyo, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kuiamsha bahati.

Mimi niliingizwa kwenye jambo hili kwa heshima. Walikuwa na grupu lao la simu, vijana watengeneza gemu wapatao sitini, na binti akaniweka humo kama mlezi wa lugha. Kila asubuhi niliwatumia methali. Walinivumilia. Siku moja binti akaja Boko na kadi ndogo ya memori ndani ya bahasha.

"Baba mdogo, hii ndiyo yenyewe. Nataka usome maneno yote wanayosema wateja. Kuna fundi ujenzi mmoja humo anaongea kama taarifa ya habari."

"Nitamshughulikia."

"Kopi ziko tatu tu duniani. Yangu, ya mwenzangu na hii. Nilikuwa siitoi, ila wewe uliandika ile makala ya wezi wa vitabu." Akacheka. "Nipe kiboksi chako nikuwekee sasa hivi, ni dakika tano."

Kiboksi kilikuwa chini ya mto wa kochi nililokalia. Kama angekiwasha angekutana na orodha ya gemu mia mbili za wizi, ya kwanza ikiwa ile ya kabichi, na saa nilizoicheza zimeandikwa kando yake. Nikamwambia aiache tu, nitaweka mwenyewe.

"Utaweza?"

"Mimi ni mtu mzima."

Sikuweza. Kesho yake nilijaribu, kiboksi kikaniletea maandishi mekundu. Ningempigia simu angekuja na kucheka na kusahau. Badala yake nikaiweka kadi mfukoni nikaenda Temeke.

Fundi aliichomeka. Akakiunga kiboksi changu na kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, na yule mama akatokea kwenye kioo akiwa na masufuria yake, anavuka tope. Fundi akainama.

"Hii ya wapi, Mzee wa Kabichi? Mbona siijui?"

"Ya wanangu. Wameitengeneza wenyewe."

"Acha utani. Hapa hapa Bongo?"

"Hapa hapa."

Ningependa kusema kwamba alinipora. Lakini alikuwa mtu wa adabu, aliuliza. "Basi na mie naichukua, au?"

Nilisema, "Bado ni ya majaribio." Ndilo neno pekee nililolitoa, na nililitoa kwa sauti ya baba anayejifanya mnyenyekevu huku akitaka mtoto wake asifiwe zaidi.

"Za majaribio ndo tamu, hakuna anayekuwa nazo. Haya, chagua mbili."

Kulikuwa na kimya cha kiasi cha mtu kumeza mate. Kimya hicho nimekirudia mara nyingi sana. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya kutosha kusema hapana. Mlikuwa na nafasi ya kusema hapana, kueleza, na kuomba radhi. Mimi nilitazama kava za simu. Kisha nikauliza kama ile ya kilimo ilikuwa imetoka toleo jipya.

"Ipo. Ina ng'ombe."

"Nipe hiyo. Ya pili chagua wewe."

Akanichagulia ya ngumi. Nikatoka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Nilisahihisha maneno kwa bidii, hilo najisifu nalo kwa sababu sina kingine. Yule fundi wa taarifa ya habari nilimpa maneno ya saiti, akawa anasema "mama, leo nyama imejificha wapi?" Binti alifurahi. Kisha nikawa na ng'ombe wa kukamua, na sikuifikiria Temeke tena.

Miezi miwili baadaye binti alikuja Jumapili baada ya ibada, na gauni lake la kanisani, akakaa kwenye lile kochi. Wale wanunuzi walikuwa wamemwandikia. Walimtumia video fupi iliyokuwa inazunguka mtandaoni: kioo cha kiboksi, mama anavuka tope, na sauti za watu wakicheka kwa Kiswahili. Waliandika kwa adabu kwamba wamejitoa.

Mke wangu aliweka chai mezani akakaa karibu naye. Mimi nilibaki nimesimama.

"Kopi zilikuwa tatu," binti alisema. "Yangu haijatoka ndani. Ya baba mdogo nimeshaitoa kwenye hesabu. Imebaki moja."

"Umemuuliza mwenzio?" mke wangu akauliza.

"Nimemuuliza. Amelia, akasema hajui. Mama mdogo, mtu akilia unajuaje analilia nini?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Mimi ndiye mtu mzima, ndiye msomi, ndiye mwenye methali za asubuhi. Walitaka neno. Nilikuwa na la kweli mdomoni, na lilikuwa fupi. Badala yake nikasema, kwa masikitiko ya mtu anayewahurumia binadamu wote:

"Njaa ina mambo mengi."

Sikumtaja mtu. Ndio ustadi wa watu wa aina yangu, hatutaji mtu. Lakini katika wale wasichana wawili ni mmoja tu anayetoka kwenye nyumba ambayo njaa inapita karibu, na wote pale sebuleni tulimjua. Binti aliinamisha kichwa. Akasema, "Nilikuwa naogopa kuliwaza hilo. Kumbe na wewe umeliwaza."

Siku ile ile aliandika kwenye grupu. Hakutukana. Alisema kwamba gemu imevuja, kwamba hafanyi kazi tena na mwenzake, na kwamba wenye akili wataelewa. Watu sitini walielewa. Kuna mmoja aliandika kwamba rafiki mwenye dhiki usimpe ufunguo. Mwingine akaweka picha ya nyoka. Yule msichana wa Pugu aliandika mstari mmoja, "Siwezi kumuuza mama yangu," kisha akajitoa. Kesho yake asubuhi grupu lilikuwa kimya, na mtu mmoja akauliza, "Mwalimu, leo hatuna methali?"

Nikawatumia methali. Ilihusu uaminifu.

Zilipita wiki tano. Sitaki kudai kwamba nilikuwa sili na silali. Nilikula na nikalala. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa sikiwashi tena kiboksi, na mke wangu aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mkulima, mbona ng'ombe wako hawakamuliwi?"

"Nimechoka nao."

"Toka lini? Toka ile Jumapili?" Aliniuliza huku anachambua mchele, hakuinua hata macho. Hakuuliza tena. Ameishi nami miaka ishirini na tano, anajua kwamba mimi ukinisukuma natoa insha.

Nikaenda Temeke. Nilijiambia nakwenda kumwomba fundi aifute ile gemu kwenye ghala, kana kwamba jambo hilo lingerudisha chochote. Nilimkuta ana wateja watatu mbele ya kibanda, na kiboksi cha maonyesho kimewashwa juu ya meza. Mmoja wao alikuwa anacheza gemu ya mama ntilie. Mwingine, jamaa mzima na mfuko wa nyanya mkononi, alikuwa anatembea mbele ya kibanda akiuburuza mguu wa kulia, sufuria ya hewa kichwani, na wenzake wanakufa kwa kicheko.

"Cheki, cheki anavyokwenda huyu bibi! Kama gari limekatika springi."

"Mwache, ndo anawahi saa saba hivyo."

Fundi aliponiona alifurahi kweli. "Mzee wa Kabichi! Ile ya wanao imekubalika kinoma. Wana kitu kingine?"

Nilimvuta pembeni nikamwomba aifute. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeomba mlango ufungwe wakati nyumba haina kuta.

"Nifute mie tu? Nimewapa watu, na wao wamepeana. Kwani kuna ishu?"

"Haikuwa yangu kutoa."

"Eeh." Alifikiri. Hakukasirika, na heri angekasirika. "Ila mzee, mie nilikuuliza. Na ulichagua."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bunju. Binti alikuwa anafua nje ya chumba chake, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Alinipa shikamoo, akanitolea kigoda. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yenye utangulizi na muktadha, lakini nilipokaa yote yakaniponyoka, nikasema tu kwamba kopi iliyovuja ilikuwa yangu.

Aliendelea kufikicha kola ya shati kwa muda.

"Uliibiwa?"

"Hapana. Nilimpelekea fundi aniwekee. Akaniuliza kama anaweza kuichukua, nikamwachia."

"Kwa nini?"

"Kuna utaratibu wake. Ukimpa gemu asiyokuwa nayo anakupa mbili."

"Akakupa."

"Akanipa."

"Zipi?"

Sikutegemea swali hilo. Nilijua atanilaumu, sikujua atataka orodha. "Ya kilimo," nikasema. "Na moja ya ngumi."

"Hiyo ya ngumi ikoje?"

"Sijaifungua."

Alicheka pumzi moja, si kicheko cha kushirikiana na mtu. Akalikamua shati, akalitundika, akachukua jingine. Alipozungumza hakuwa ananitazama.

"Mimi baba mdogo nimepoteza gemu. Nitaumia, nitatengeneza nyingine. Lakini nimemwita mwenzangu mwizi mbele ya watu. Nilimwambia hata baba mdogo anaona ni njaa. Nilimwambia hivyo, kwa simu." Akaisugua kola. "Nilitumia neno lako, maana nilijua wewe huwezi kusema kitu ovyo."

Nilisema nitampigia simu yule msichana siku hiyo hiyo.

"Humpigii. Unakwenda. Na usimpelekee salamu zangu, mimi zangu nitazipeleka mwenyewe nikipata uso wa kuzibeba."

Kwa hiyo Jumatatu nikaenda Pugu. Nilielekezwa kwenye jengo la ghorofa ambalo halijaisha, na kando yake banda la turubai na moshi. Ilikuwa karibu saa saba. Nilimtambua mama kabla sijauliza, kwa sababu nilikuwa nimemtembeza kwenye tope kwa vidole vyangu mwenyewe: kushoto, kisha kulia kwa kuchelewa. Nilikuwa nimemfahamu kwa mwendo wake na yeye hakuwa ananijua.

"Karibu, kaka. Kaa, bado kidogo ubwabwa uive."

Nikasema namtafuta binti yake. Akasema amekwenda kuchota maji, anarudi, nikae nile. Nikasema nimeshiba. Akaniambia mtu hawezi kushiba saa saba kasoro, akaniwekea sahani ya wali na maharage na kipande cha samaki ambacho hakikuwa kwenye sahani za wengine. Desturi zetu hazina njia ya kukataa chakula mara tatu. Nikala. Kila tonge nilijiambia nimweleze sasa, na kila tonge lilikuwa zuri, na nilimaliza sahani yote nikiwa bado sijasema.

Msichana alirudi na madumu mawili. Alinitambua, maana tulikuwa tumeonana mara mbili kwa binti yangu. Alitua madumu akanipa shikamoo, sauti imenyooka kama kamba.

"Nimekuja kukwambia jambo."

"Sema hapa hapa. Mama anajua yote."

Nikasema hapo hapo, na mafundi wawili wanakula pembeni. Nilisema ni mimi niliyeitoa gemu. Nilisema niliitoa kwa kubadilishana. Nilisema nilisikia akisingiziwa nikanyamaza, kisha nikaongeza neno la kumzamisha. Nilipofika kwenye neno lenyewe nikasita, akanimalizia.

"Njaa ina mambo mengi."

"Ndiyo."

"Na umeshiba?" Alikuwa anaitazama sahani.

Mama yake akamwambia, "We mtoto." Lakini hakusema zaidi.

Akaniambia nitoe simu niandike kwenye grupu. Nikaandika. Mimi ni mwandishi, nilianza na "Ndugu zangu, katika safari hii ya maisha". Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Safari ya nini? Futa."

Nikafuta. Nikaandika kwamba kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu kadi.

"Nani hakuelewana na nani? Futa."

Nikajaribu tena na tena. Mwisho ikabaki mistari minne: kwamba gemu niliitoa mimi, kwa fundi, nikapewa gemu mbili, kwamba yule mliyemwita nyoka hana hatia, kwamba nilijua na nikanyamaza wiki tano. Aliisoma mara mbili. "Tuma." Nikatuma. Ni maandishi pekee niliyowahi kuhaririwa vizuri kiasi hicho.

Kisha mmoja akaandika, "Mwalimu simu yako imedukuliwa?" Nikajibu hapana. Wa pili akaweka alama ya mikono iliyokunjwa pamoja, ambayo mpaka leo sijui kama ni sala au shukrani. Wa tatu, yule wa picha ya nyoka, aliifuta picha yake. Wa nne alikuwa anauza chaja.

Ikalia simu ya msichana. Aliitazama ikilia mpaka ikakata. Ikalia tena. Akaichukua, akaenda nayo nyuma ya rundo la matofali, na tukawa tunaona kichwa chake tu, hatusikii kitu.

Mama alikuwa anaosha sahani, na yangu ilikuwa mojawapo. Aliniuliza bila kugeuka:

"Hao watu wa Temeke wanaichezaga kweli?"

"Wanaicheza sana, dada."

"Wanacheka ninavyotembea?"

Nilikuwa na jibu zuri tayari, la kumpa moyo. Kwa mara ya kwanza siku ile sikulitoa. "Ndiyo. Wanacheka."

Alisuuza sahani, akaipanga juu ya nyingine. "Hata hapa saiti walianza kwa kucheka." Akawaonyesha kwa kidevu wale mafundi wawili, ambao walikuwa wameinamia sahani zao kwa nidhamu kubwa kuliko wali ulivyohitaji. "Mie siwajui hao wa Temeke. Hao ndo wamenichukua mwendo bila kuniona. Hawa wananijua."

Nilimsogezea sahani nyingine.

Msichana alirudi. Macho yalikuwa mekundu, ila uso umetulia. Alimwambia mama yake, si mimi, kwamba mwenzake anataka kuja Jumamosi.

"Umemwambia aje?"

"Sijamwambia aje. Sijamwambia asije."

"Basi atakuja," mama akasema.

Nikaona hapo pana mlango, nikajipenyeza. Nikasema kwamba Jumamosi ningeweza kumleta kwa gari langu, tukae wote pamoja, tuyamalize kifamilia, na kwamba kama wataanza gemu nyingine niko tayari kusoma maneno.

Msichana alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amelelewa vizuri, hakunikatiza.

"Ana nauli," akasema. "Wewe usije."

Nikasema sawa. Nikasimama, nikamshukuru mama kwa chakula, nikaanza kutafuta ufunguo wa gari mfukoni. Nilikuwa nimeushika mkononi.